Mkono Ndani ya Baragumu

Kampala, Jumapili jioni. Mwaka wa ishirini na tisa tangu nitoke Bukavu.

Mdogo wangu Bahati alipiga simu tena asubuhi. Bendi ya parokia yetu huko Bukavu inafufuliwa, wapiga baragumu hawana mwalimu, na anataka nirudi niwafundishe. Nilimwambia angoje, kwanza niende kwenye tamasha la muziki.

Mbele ya okestra alisimama binti mwenye mapafu hasa. Kila alipopumzika alilizungusha baragumu lake na kumwaga maji sakafuni. Mama Achieng, jirani yangu wa Wandegeya, akanigusa bega.

“Mzee, hiyo kitu inavuja!”

“Ni pumzi yake, mama.”

“Basi amepumua ndoo nzima!”

Nilicheka. Kisha ukaja muziki wa polepole, nikaona mkono wangu wa kulia umejikunja gotini, kama umo ndani ya mdomo mpana wa baragumu, sauti inakotokea, tulivyofundishwa ili sauti isipayuke. Nikageuka kushoto kuwatafuta wenzangu watatu wa bendi.

Niliwazika mwenyewe, wote, kabla ya kuvuka mpaka.

Miaka yote hii nilidhani naukumbuka mji. Nimekuwa nikiwakumbuka wao, na hawapo huko.

Kesho nitamjibu Bahati. Sitarudi.