Balikutukana ku Matanga Yako

Mamu Kapinga,

Usiseme nimekawia. Mukono yangu haijazoea kalamu, na weye ulipenda kunicheka: "Mbuyi, herufi zako zinatembea sawa kuku bagonjwa." Cheka tena. Nitaandika tu.

Nakuandikia juu ya matanga yako. Ulikuwa unaiogopa. Tukikaa pa mulango tukichagua maharagi, ulikuwa unasema: "Siku nitakufa, hakuna mutu atakula ku nyumba yangu." Mi nakugombeza, nasema funga kinywa. Basi, ulisema kweli.

Batu ba Kapata, mutaa yetu yote, bakakuja, bakamusalimia binti yako Nadine, bakaenda kuikala mbali, ku kivuli ya ukuta. Sisi tumepika bukari ya unga, sombe ya majani ya muhogo, samaki, sufuria makubwa. Hakuna mutu alinyoosha mukono. Mama mumoja, kitambala ku kichwa sawa malkia, akanong'ona: "Sombe ya nyumba ya Mama Sumu? Mi bado niko na batoto ba kulea."

Mama Sumu! Teatre yenyewe ilipita ku televizyo ya hapa kwetu zamani, Nadine akiwa bado mutoto wa masomo. Weye ulicheza mama mukwe mwenye kutia sumu mu sombe ya bibi ya mutoto wake. Ile macho yako ya pembeni! Ile kicheko yako ya kutokea chini mu tumbo! Bibi arusi nimemusahau, bwana yake nimemusahau, weye hakuna anayekusahau. Batu bakakuchukia mupaka ku soko. Muuzaji wa mafuta ya mawese alikuwa anafunika chupa zake ukipita. Bapumbavu. Batu bazima, bako na ndevu, habajui kutenga mutu na muchezo.

Njo maana kila Jumamosi nilikuwa nakuja na sahani yangu. Naweka kiti inje, uso ku barabara, nakula sombe yako polepole, Kapata yote ione. Weye unasema, "Mbuyi, unakula sana." Mi najibu, "Mi sili tu, niko natoa ushuhuda." Na chumvi ilikuwa mingi, Kapinga. Kila mara. Sasa nimesema.

Pale ku matanga nikaona ile sufuria inapoa, roho yangu ikawaka. Nikamuambia Nadine: "Toa tele inje, weka ile disiki ya teatre ya mama yako." Akalia. "Tantine, pastere atasema nini? Mi nataka batu basahau ule ubaya."

"Mutoto, ule ubaya njo ilikuwa kazi yake, na aliufanya muzuri kupita bote. Utamuzika nusu?"

Akapangusa machozi. Halafu akabeba tele yeye mwenyewe, akaiweka mu parsele, pale inje mu kiwanja, kamba ya umeme akaipitisha ku dirisha.

Ukatokea. Eh, Kapinga... munene, muzuri, unakoroga sombe, unaangalia pembeni. Kwanza bakanyoosha shingo. Halafu muzee Ilunga, na magonjwa yake ya miguu, akasimama na fimbo: "Muangalie! Muangalie anavyotia! Shetani muke!" Bamama bakaanza kupiga kelele: "Binti, usikule! Mwaga ile sahani!" Ulipocheka ile kicheko yako, parsele nzima ikakutukana kwa sauti moja.

Halafu bakacheka. Halafu, rafiki yangu, njo bakalia. Kabla ya pale hakuna aliyekulilia. Yule wa kitambala alilia kupita bote: "Sasa tutamuchukia nani?"

Nikabeba sahani yangu, nikaikala karibu na tele, uso kwao, nikakula. Nadine akaikala pembeni yangu. Muzee Ilunga akakuja, akamega bukari, akachovya. "Chumvi mingi," akasema, na akamega tena. Kisha bakakuja bote. Sufuria tuliikwaruza chini, Kapinga. Hakukubakia ata ya paka.

Nadine anapika sawa weye, na ile chumvi yako. Nikimugombeza anacheka, na kicheko inatokea chini mu tumbo. Nageuza uso, asione machozi yangu.

Lala bila wasiwasi. Ata nikibakia na meno mbili, Jumamosi utanikuta pa mulango yako, uso ku barabara, niko nakula.

Enda muzuri, mubaya wangu.

Mbuyi, wa parsele ya pembeni