Pumzi Yako Kwenye Ubeti wa Tatu

Mwalimu Dekow,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza kwa salamu na dua kama anavyoanza mtu mwenye adabu, na dua nimeshakuombea, leo na jana na juzi. Lakini iliyonikalisha chini na kunishikisha kalamu ni hasira, kwa hiyo acha niitangulize. Nimekukasirikia wewe, nimewakasirikia wenzetu, na mimi mwenyewe sitaki hata kujitazama kwenye kioo cha kunyolea.

Ni mwezi wa pili sasa tangu uzikwe Bura. Sikuwahi maziko. Habari niliipata hapa dukani kwangu, mtaa wa Iftin hapa Garissa, kutoka kwa dereva wa lori la ng'ombe, yule yule aliyekuwa akitubebea kanda za nyimbo zetu. Alininyooshea mkono nikadhani ananipa kanda yako, kumbe ananipa pole. Nilibaki nimeukinga mkono kama mjinga. Redio ya mteja ilikuwa wazi mbele yangu, nyaya nje, na mpaka leo sijairudishia kifuniko chake. Mwenyewe amekuja mara tatu. Mara ya tatu alinitukana, nikaona amesema kweli.

Nisamehe nikikukumbusha mambo unayoyajua kuliko mimi. Nayapanga moja moja ili nione tulikosea wapi.

Tulikuwa watu wanne ambao hatukuwahi kuketi pamoja chumba kimoja. Wewe Bura, mwalimu wa hesabu, na kaban yako, ile udi iliyopasuka tumbo ukaigandisha kwa gundi ya maseremala. Abshir kule Wajir, karani mwenye sauti kubwa kuliko ofisi yake. Mama Hawo wa Masalani, anayeuza chai karibu na mahali pa kuvukia mto, anayeimba ndani na mlango umefungwa ili kaka zake wasimsikie. Na mimi fundi redio, mtu wa mtoni, si Msomali kama ninyi, ambaye naimba vibaya, nanyi mliniambia hivyo bila kunionea haya.

Mtu anarekodi wimbo upande wa kwanza wa kanda, anaifunga kwa karatasi ya nailoni, anampa dereva. Kanda inazunguka. Kila mmoja anasikiliza, kisha anaigeuza na kusema maneno yake upande wa pili: hapa pazuri, hapa pabaya, hapa umedanganya. Ikimrudia mwenyewe, anarekebisha na kuurekodi wimbo upya juu ya ule wa zamani, kwa sababu kanda tupu hazikuwa zikipatikana hivi hivi. Mwezi mzima, wakati mwingine miwili, kwa wimbo mmoja. Watu walituona wendawazimu.

Sheria zilikuwa zako. Ungekuwa mtu mwingine tungekataa, lakini wewe ulizisema kama unavyosema mbili mara mbili. Anayetaja kosa ataje kwanza jina lake na la baba yake, asijifiche. Mwimbaji naye asijitetee. Kabla ya wimbo asiseme neno, asiombe radhi, asilete habari za mafua wala za mvua. Na wote wakishasema, asibishane. Aseme tu, nimesikia, nitarekebisha.

Wimbo wangu wa kwanza niliuanza kwa kusema samahanini jamani, koo limekauka. Ulinirudishia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Fundi, mimi sikukaa na koo yako. Mimi nimekaa na wimbo. Koo baki nayo nyumbani." Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikaona una haki, na nyimbo zetu zikawa nzuri, hilo siwezi kulikana. Mama Hawo alilia mara ya kwanza, mara ya tano akawa anatushinda sote.

Unaikumbuka siku uliyokuja Garissa kwa mambo ya ofisi ya elimu? Uliketi dukani kwangu tangu baada ya adhuhuri. Tuliisikiliza kanda ya Abshir mara sita, ukimnyamazisha kila mteja anayeingia kama vile duka ni lako. Chai yako ilipoa ikafanya utando. Kila ilipofika mahali Abshir anakimbilia mwisho, ulinigonga goti na kusema, "Bole bole! Bumzi kwanza, sauti baadaye." Mimi nikakucheka kwa hiyo bole bole yako isiyo na P, nawe ukanicheka kwa Kisomali changu cha sokoni. Kweli kilikuwa cha sokoni. Maneno ya nyimbo zenu nusu yalinipita, na ndiyo sababu nilijifunza kusikiliza vile vingine: nyuzi, pumzi, mahali sauti inapoegemea. Ulinisifu kwa hilo. Uliniita sikio la kikundi, nami nikavimba kichwa.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Kanda yako ya mwisho ilikuja wakati wa kiangazi. Kaban ilikuwa nzuri. Ubeti wa kwanza mzuri, wa pili mzuri kiasi. Ubeti wa tatu, pumzi ilikatika katikati ya mstari. Uliacha neno halijaisha, ukaziba pengo kwa nyuzi, ukarudi, ikakatika tena. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nikadhani ni redio. Nikabadilisha betri. Nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa spiriti na pamba, nikasikiliza mara ya nne. Fikiria, Mwalimu! Nilisikia mtu anakosa pumzi nikaenda kupima afya ya redio.

Nilipohakikisha kwamba redio ni nzima, niligeuza kanda, nikataja jina langu na la baba yangu kama sheria ilivyotaka, nikasema: "Kaban safi. Lakini ubeti wa tatu unahema kama punda wa mkokoteni wa maji anayepanda kutoka mtoni. Umekuwa mvivu, Mwalimu. Unatufundisha pumzi na wewe mwenyewe huna. Rudia wote."

Nilimpenda sana huyo punda. Nilicheka peke yangu, nikarudi nyuma kumsikiliza.

Abshir alisema umezeeka na uwaachie wengine. Mama Hawo peke yake alisema kwa upole, "Mwalimu, mbona neno umeacha njiani? Mimi nilikuwa nangojea." Lakini hata yeye aliulizia neno. Watu watatu wenye masikio ya kusikia uzi mmoja uliolegea, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, je, huyu mtu ni mzima?

Nawe ukajibu. Nilikuja kulisikia jibu lako ukiwa tayari umezikwa, maana kanda ilikuwa kwa dereva, na pole yake ikatangulia. Ulisema, "Nimesikia." Kisha kimya. Nimekipima kimya hicho kwa saa yangu ya mkono nikaona aibu, nikaivua. Ndipo ukasema, "Nitarekebisha."

Ungerekebisha nini, wewe? Kifua? Kaka wa mkeo aliniambia daktari alisema ugonjwa ulianza zamani, na kwamba kama ungeletwa miezi miwili kabla pangekuwa na la kufanya. Nimehesabu. Miezi miwili kabla, kanda yako ilikuwa mezani kwangu, na mimi nilikuwa natafuta mfano mzuri wa punda.

Hapa ndipo hasira yangu inapokuangukia wewe. Sheria ilikuwa yako, Mwalimu, ungeweza kuivunja. Ungesema tu kabla ya wimbo, jamani, naumwa. Maneno mawili. Nani angekuadhibu? Lakini hapana, ulitaka usikilizwe kwa haki kama sisi. Haya, tulikusikiliza kwa haki. Umefaidika nini?

Na wenzetu sasa! Ungemsikia Abshir. Kila arusi huko Wajir anasimama kusema yeye ni mwanafunzi wako, kwamba sauti kama yako haitazaliwa tena. Sauti ile ile iliyozeeka. Amenitumia barua akisema tutoe nakala za wimbo wako wa mwisho tugawie watu, ila kwanza nifute upande wa pili. "Tusijiaibishe," ameandika. Mzee wa msikitini, yule aliyekuwa akipita dukani na kuniamuru nizime muziki, alikuja kukaa nami saa nzima kunifariji, hakugusia nyimbo hata kidogo. Huyo anayetupinga alinyanyua miguu yake. Sisi marafiki tulituma punda.

Lingine linalonichoma ni hili. Nyimbo zako zote nyingine hazipo. Zile nzuri ulizirekodi juu ya zile mbaya, na nyingine nzuri zaidi juu ya hizo, na kanda zilipochoka tulizitoa matumbo tukaunga nyingine. Tulikuwa tunangojea toleo lisilo na kasoro. Kwa hiyo sauti yako iliyobaki duniani ni hiyo moja tu, inayohema, na nyuma yake sisi watatu tunakutukana kwa majina yetu kamili.

Mkeo, Shemeji Habiba, alituma ujumbe anataka sauti yako. Hakuwahi kuusikia wimbo wenyewe, maana uliurekodi darasani watoto wakishaondoka, na ukirudi nyumbani ukikohoa ulimwambia ni vumbi la chaki. Alisema hata kama ni kikohozi, apewe.

Mwalimu, nilikaa mbele ya mashine na kidole kwenye kitufe. Ni kazi ya dakika chache. Ningefuta punda wangu, nikaacha maneno yako mawili ya mwisho yabaki safi, na mkeo asingejua maisha yake yote. Nilibonyeza nusu. Kilichonizuia si wema. Niliwaza kwamba nikifuta, nitakuwa sijawahi kuisikia pumzi yako, nitakuwa mtu mmoja na Abshir, nasimama arusini najisifu.

Nikapanda lori kwenda Bura. Barabara ilikuwa kavu. Nilitoka asubuhi, na mchana nilikuwa nimefika. Ningeweza kufanya safari hiyo siku yoyote.

Mkeo yumo edani, kwa hiyo niliketi upande huu wa pazia na kaka yake, naye upande wa pili na redio. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akageuza kanda. Jina langu likatoka, la baba yangu likafuata, halafu punda. Nilitamani ardhi ipasuke. Kaka yake alinitazama, akatazama chini. Habiba hakuzima. Aliacha wote waseme, mpaka ukasema yako, mpaka kanda ikafika mwisho ikakata yenyewe.

Halafu akasema, "Fundi. Wewe ulisikia bumzi yake inakatika. Mimi nalala karibu na yeye, sikusikia, anajificha. Wewe uko Garissa, umesikia. Kwa nini hukuja?"

Nilitaka kumweleza habari za sheria zetu, nikaona ni kujitetea tu. Hakunilaumu zaidi ya hapo, wala hakusema amenisamehe. Alileta chai ya maziwa ya ngamia kwa mkono wa kaka yake, nikainywa yote. Kanda imebaki kwake, nzima, pande zote mbili. Abshir nimemwandikia kwamba hakuna nakala, na akitaka kuusikia wimbo aende Bura akaketi mbele ya pazia lile.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea Alhamisi.

Imekuja kanda ya Mama Hawo. Ni wimbo mpya, ameutunga juu yako, na ni mzuri. Lakini sauti yake iko chini kuliko kawaida, na baada ya ubeti wa pili amenyamaza muda mrefu, kisha ameendelea kana kwamba hakuna kitu. Hakutoa maelezo. Bado anaishika sheria yako, maskini. Redio sikuigusa. Sikubadilisha betri. Upande wa pili sijarekodi neno lolote.

Labda ni huzuni tu. Labda kaka yake mmoja alipita nje akanyamaza asisikike. Labda amekuwa mvivu kweli, hata wavivu wapo.

Mwalimu wangu, ndugu yangu, sijui mtu anamuagaje aliyemtukana mara ya mwisho. Mungu akupanulie kaburi lako na akupe pumzi huko uliko, nyingi, usipungukiwe tena. Niombee msamaha kwake, maana kwako siwezi tena kuja kuuomba.

Ninakuahidi hili moja. Kesho baada ya alfajiri lipo gari la Masalani, na nafasi nimeshaipata. Kama Mama Hawo ni mzima atanicheka, nitakunywa chai yake nirudi. Kama si mzima, safari hii nitakuwa nimefika.

Fundi
Iftin, Garissa