Mayai Yaliyooshwa Mno

Jumatatu, 14 Julai
Machinjioni mapema. Ovari za ng'ombe nimebeba kwenye chupa ya chai, ndani ya maji ya chumvi ya uvuguvugu. Chupa niliyonunua kwa ajili ya wageni. Wakija watakunywa maji.

Maabara nimefyonza mayai kwa sindano, nikayaosha hadi yakang'aa. Kila yai huzungukwa na lundo la seli, nazitoa zote. Sahani yangu ndiyo safi kuliko zote. Nikatia ile protini ya ukuaji inayoliamsha yai likomae. Kisha inkubeta, lile kabati la joto.

Alhamisi, 17 Julai
Hakuna lililokomaa. Wala moja. Mara ya tatu hii.

Bosi wangu, Dk. Yasmin, hakugomba. Heri angegomba. Kasema wiki ijayo nikikosa tena, inkubeta inakwenda kwa watu wa malaria, nami nirudi kupima maziwa. Nimesoma kote kule nikapime maziwa! Nina hasira. Labda protini imeharibika umeme ulipokatika.

Jumapili, 20 Julai
Kanisani, halafu kwa mama, mtaa wa Pasiansi. Kaka Magesa alikwenda Buhongwa mwenyewe kumposa Neema, bila mshenga. Karudishwa getini, hata soda hakupewa. Nimecheka hadi nikapaliwa na wali. Mama hakucheka.

"Binti wa watu haendewi hivi hivi," alimwambia Magesa. "Amezungukwa na watu. Sema nao hao, wao ndio wamfikishie."

Nikaacha kula.

Zile seli. Mimi naziondoa, kisha nalipelekea yai ujumbe moja kwa moja. Nimewafukuza washenga wote.

Nimerudi kwangu Mkolani kusoma. Imeandikwa wazi: homoni ikifika kwenye ovari, seli za mfuko wa yai hutoa protini za ukuaji, seli zinazolizunguka yai huzipokea, ndipo yai hukomaa, na mfuko hupasuka kulitoa. Niliyasoma haya chuoni. Mtihani nilifaulu. Mjinga mimi.

Jumatatu, 21 Julai
Sahani mbili. Moja nimeosha kama kawaida. Nyingine nimeyaacha mayai na seli zake, machafu, aibu tupu. Mkono uliniwasha kuyasafisha. Protini ileile, kiasi kilekile. Dk. Yasmin kachungulia, akauliza kama naumwa.

Sijala. Naogopa maziwa.

Jumanne, 22 Julai
YAMEKOMAA.

Seli zimefumuka kama pamba. Nimechukua mayai machache, nikayavua seli sasa, taratibu, nikatazama kwa hadubini. Ubavuni mwa yai kimechomoza kijiseli kidogo, ndiyo alama yenyewe. La pili hivyohivyo. La tatu. Ile sahani safi, hakuna hata moja.

Nimepiga vigelegele. Watu wa malaria wamekuja mbio kuona kuna nini. Dk. Yasmin katazama, kafuta miwani, katazama tena.

"Inkubeta yako," akasema. "Malaria watasubiri."

Nimeshinda. Naandika tena kwa raha zangu: nimeshinda. Mayai yaliyobaki nimeyatia mbegu za dume jioni. Mama nimempigia kumshukuru. Hajui kwa lipi, ila kapokea.

Alhamisi, 24 Julai
Nimefika maabara bado tupu. Yai moja limegawanyika. Seli mbili, zimebanana.

Ziwa limetulia dirishani. Sikumwita mtu. Nimevuta kigoda, nikakaa na yai langu kidogo.