Chumvi, Miiba na Nyonga ya Gundula

Jumatatu, 6 Mei
Nimezunguka ukuta wa miiba, ule mrefu wa matawi makavu kando ya bafu za chumvi za mji wetu, tangu asubuhi, kalamu mkononi. Miaka mia mbili maji ya chumvi yanachuruzika juu ya vijiti vile, na watu wanapita chini wakivuta hewa yake ya chumvi kama dawa. Nani alianza? Wapika chumvi! Waliona vidonda vya mikono yao vinakauka upesi, wakamwambia tabibu wa mji. Naye hakuwacheka — alivua koti, akaingia mwenyewe kwenye pipa la maji hayo. Nawapenda watu hawa. Sura ya tatu ya kitabu changu cha historia ya bafu hizi imekwisha.

Jumatano, 8 Mei
Nimemsomea dada Gundula sura hiyo jikoni kwake. Keki ya jibini, kahawa nzito. Alisikiliza amefumba macho. Nyonga yake imelika, na baada ya wiki mbili anafanyiwa upasuaji kuwekewa ya bandia. Nilipomaliza akasema, basi, kisu cha nini tena? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 10 Mei
Yule tabibu nazidi kumheshimu. Zama zile kila mji uliuza maji yake kuwa dawa ya kila kitu, yeye akawaambia wagonjwa waziwazi: maji yanatuliza, mfupa uliolika hayaurudishi. Kwa maneno hayo nimeanza sura ya nne. Jioni nikampigia Gundula kumsomea.

"Mdogo wangu, umeyasifu maji sura tatu nzima, leo unaniletea miiko?"

Nikamwambia anaogopa kisu tu.

"Naogopa, ndiyo. Rudolf aliingia hospitali ile kwa miguu yake. Umesahau alivyotoka?"

Sijasahau. Nililisindikiza jeneza la shemeji kwa macho hadi mwisho wa barabara. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jumapili, 12 Mei
Mvua. Gundula hapokei simu.

Jumanne, 14 Mei
Naandika katika chumba cha mapumziko cha bafu. Ukitoka majini unafungwa shuka na blanketi hadi kidevuni, unalala saa nzima, na hakuna anayesema neno. Ndivyo ilivyo tangu bafu zijengwe. Meya aliwahi kunong'ona humu, akatolewa nje na shuka lake.

Asubuhi hospitali wamenipigia mimi, ndugu wa karibu. Dada yako hapatikani. Asipothibitisha kabla ya saa sita mchana, nafasi anapewa mwingine, yeye asubiri hadi baada ya Krismasi. Nimekuja mbio huku bafuni, anakokimbilia kila maumivu yakizidi. Nimemkuta ameshafungwa. Nikafungua mdomo — Bi Ottilie, msimamizi, akanivuta kando.

"Akishafungwa, hata padri anangoja."

Gundula amelala. Anakoroma, hilo halikatazwi. Ile mikunjo ya maumivu kati ya nyusi haipo, na sijauona uso huu tangu msiba. Niliyoyaandika ni kweli yote. Chozi limenitoka, la furaha, na bado mfupa umelika. Kufika Krismasi hatatembea.

Saa sita kasorobo. Simu iko mfukoni. Nikitoka nje naweza kusema ndiyo kwa niaba yake. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Lakini huu si uji.

Nimesimama. Nimekaa. Bi Ottilie ananionyesha mlango, kwa upole kabisa. Nimeitoa simu — na Gundula amefumbua macho. Anaitazama simu, ananitazama mimi. Mikono yake imo ndani ya blanketi. Anatikisa kichwa kukataa, polepole, na mimi nairudisha simu mfukoni.