Mariamo na Ufagio Alioficha

Atija, kitendawili! Nani alificha ufagio wa nyumba yake mwenyewe? Mariamo wetu! Kanisimulia sasa hivi, uso kaufunika kanga.

Wakati wa vita na Mreno alipanga nyumba mjini Mocímboa na Joaquina wa bara. Kufagia kwa zamu. Lakini Joaquina kila alfajiri yuko uwanjani, zamu iwe yake au isiwe. Majirani wakamcheka Mariamo: "Mvivu wee, umepata mtumishi?"

Basi zamu yake ilipofika, akauficha ufagio usiku, Joaquina asimtangulie.

Asubuhi akamkuta Joaquina kapiga magoti, anafagia mchanga kwa kanga. Kwa kanga, Atija!

Akapayuka: "Zamu yangu hii! Unataka waniite mvivu?"

"Dada, sauti! Tazama chini."

Nyayo za mwanamume, kutoka jikoni mpaka uani. Germano, kaka yake Joaquina, kila usiku alitoka msituni kwa wapiganaji kuja kula.

Na askari wa Mreno keshasimama njiani: "Kelele za nini?"

Mariamo akawahi kujibu: "Ananigombeza, bwana. Mimi mvivu." Akautoa ufagio, akafagia zile nyayo huku analia. Askari akacheka, akaenda zake.

Nikamwambia, si ulimwokoa Germano?

"Usinisifu," kasema. "Aliyemwita yule askari ni mimi, kwa kelele zangu."