Bikoni Tulizong'oa

Kwemlimbo,
Makuyuni, Korogwe.
13 Machi 2025

Mpendwa kaka Kaleb,

Shikamoo kaka. Hali yako huko Leeds? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Huku mimi, mama na mwanangu Glory tu wazima wa mwili. Glory ameota meno mawili ya chini, nikimnyonyesha napiga kelele. Mahindi ya vuli yalikauka yakiwa magotini, lakini si hilo lililonifanya niandike.

Shemeji yako Habakuki yuko mahabusu, leo siku ya sita. Simu yangu polisi wameichukua, ndiyo maana naandika kwa mkono.

Unalikumbuka pori la kijiji ng'ambo ya reli, tunakookota kuni na kuchunga mbuzi. Mwezi wa kwanza tuliitwa mkutanoni kuelezwa habari za mwekezaji wa mkonge. Tukapewa soda na maandazi, ikapita karatasi ya mahudhurio. Unatujua sisi, ukiandikwa mahudhurio unaona umeheshimiwa. Jirani yetu bibi Grasiana, asiyejua kusoma, aliweka dole gumba akadai wino uongezwe lionekane vizuri. Tukacheka. Kumbe karatasi ile ilibanwa nyuma ya muhtasari unaosema tumekubali kulitoa pori.

Mwezi wa pili zikasimikwa bikoni, zile nguzo za mipaka, humo porini. Ndipo nikakumbuka zile sauti ulizonitumia kwenye simu, za mambo unayosoma darasani: kwamba hata Waingereza wameipinga serikali yao miaka na miaka. Mara mkate umepanda bei, mara malisho ya wote yamezungushiwa ua, mara kodi ya kichwa, mara hawana kura. Mimi na darasa la saba langu nilidhani wao walizaliwa kututawala tu. Mama alivyosikia ya kodi ya kichwa akaguna: "Si ndiyo waliyomtoza baba yangu? Basi walijua inavyouma!"

Nikawasimulia wenzangu kisimani. Nilipofika kwa wale waliong'oa ua, bibi Grasiana akasema, "Hebu tuambie mama Glory, hao walikuwa na mikono mingapi?" Kesho yake tukaenda wanawake saba. Bikoni ya kwanza niliishika mimi, kaka.

Polisi walipokuja, Habakuki akatoka nje akasema ni yeye, tena peke yake. Siku tulipozing'oa hakuwepo hata kijijini, alikuwa mnadani Handeni. Alinitazama nisifungue mdomo, kwa kuwa nina mtoto anayenyonya. Nikaacha wamchukue. Nikimpelekea chakula anauliza habari za Glory tu. Juzi jicho lake moja lilikuwa limevimba, akasema ameanguka.

Uliniambia kwa nini watu wale waliinuka. Nilipokuuliza yaliwapata nini baadaye, ulijibu tutaongea. Nimeshaelewa, kaka.

Lakini sijakata tamaa. Jumatatu sisi saba tunakwenda kituoni, kila mmoja aseme ni yeye, na aseme kwa nini. Hawawezi kutufunga sote saba na bado wamshikilie mwanamume mmoja asiye na kosa. Barua hii ikikufikia, Jumatatu hiyo itakuwa imeshapita.

Mama anakusalimu sana, na bibi Grasiana, na mjomba Dunstan wa Lutindi. Mungu akufunike huko ugenini, na sisi atusimamie.

Tangu jana namzoesha Glory uji wa kikombe, nisije nikabaki huko kituoni. Anautema, anashika gauni langu.

Mdogo wako anayekupenda,
Asnath