Wifi Hataki Tuseme Marehemu Alipenda Kula

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi ipokee tu hivyo hivyo, maana sina muda wa kuulizana umri. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu siku hiyo tunamkumbuka mume wangu, ametimiza mwaka tangu atutoke, na mimi nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji, na kwa kazi hiyo aliingia jikoni kwa watu wa kila aina, na unajua friji ikiharibika mwenye nyumba anataka vilivyomo viliwe kabla havijachacha, basi mume wangu alikuwa tayari kusaidia. Jioni akirudi watoto hawakumwuliza kazi imekwendaje, walimwuliza, "Baba, leo umekuta nini ndani?" naye atavua viatu mlangoni, atakaa, ataanza kuwasimulia habari za kuku wa kuchoma aliyesahauliwa nyuma ya maziwa, na supu ya bibi mmoja anayeishi peke yake lakini anapika kama analisha timu ya mpira, na huku anasimulia anamega mkate wangu na kuusifia kana kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana. Akionja mchuzi anafumba macho, anasema, "Mke wangu, hiki kitunguu kimekufa kishujaa," watoto wanacheka mpaka chai inawatokea puani.

Binti yetu alipofeli mtihani wa uuguzi alijifungia chumbani, hataki kuongea na mtu. Baba yake hakumhubiria. Alikaanga viazi, akaweka kiti nje ya mlango wa binti, akawa anatafuna kwa makelele, "Aa, jamani, chumvi imekaa! Sema vimebaki vichache," mpaka mlango ukafunguka, wakala wote wawili pale pale koridoni, na mwaka uliofuata binti akarudia mtihani akapita. Hata alipolazwa, siku zake za mwisho, alimwuliza mhudumu supu ya wodini inapikwa na nani, akasema anataka kumpelekea pole.

Sasa binti ameandaa maneno ya kusema Jumamosi, ameweka humo viazi na kitunguu na yote, na anataka tupike kila alichokipenda baba yake. Juzi wifi yangu alikuja kupanga shughuli. Yeye ndiye dada mkubwa wa marehemu, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki wangali wadogo. Binti alipomsomea yale maneno, wifi alisimama.

"Mdogo wangu hakuwa tumbo. Alikuwa fundi, alikuwa mume, kasomesha watoto. Mtasimama mbele za watu muwaambie alikuwa mlafi?"

"Shangazi, sijasema mlafi. Nimesema alipenda chakula."

"Ni neno lile lile. Tangu mtoto walimwita hivyo, na mimi nilikuwa nasikia."

Akachukua mkoba wake. Alipofika mlangoni akageuka akanitazama toka juu hadi chini: "Na wewe, mjane gani unanenepa?"

Jioni alinipigia akasema mambo yakiwa hayo haji, nami kwa hofu nikamjibu, "Usijali wifi, itakuwa dua na chai tu." Simu haijapoa binti akaniuliza, nikamwambia, "Endelea tu, mwanangu." Kuku wameshaagizwa, sufuria kubwa tumeshaazima, na wifi anajua anakuja kunywa chai.

Tena Mshauri, hilo la kunenepa ni kweli. Mume wangu namkosa, lakini sijanyauka. Nikipika namsikia anavyosifia, basi nacheka peke yangu na naongeza kijiko. Je, ni vibaya? Na Jumamosi nimsikilize nani?

Ni mimi,
Mjane Anayenenepa

*

Mama,

Pole kwa msiba, na hongera kwa ndoa. Barua yako nimeisoma ofisini kabla ya chakula cha mchana, na mwenzangu wa meza ya pili ameniuliza kama tumbo linalounguruma ni langu.

La kunenepa tulimalize upesi. Hakuna aliyesema mjane lazima abaki mifupa ndipo watu waamini alipenda. Uliishi na mtu aliyekuchekesha, na bado anakuchekesha. Ongeza kijiko.

Sasa nikugombeze. Umemwambia wifi ndiyo, umemwambia binti ndiyo, halafu ukaniandikia mimi, sijui ulitaka nije Jumamosi nisimame katikati yenu na sufuria kichwani? Wewe unaona umetafuta amani. Umeahirisha ugomvi tu, tena umeusogeza hadi siku yenye wageni.

Na kuna jambo lingine limekupita, na nadhani limekupita kwa miaka mingi. Wifi yako alisema watu walimwita mdogo wake mlafi tangu mtoto, naye anasikia. Mtoto asiye na mama anaitwaje mlafi? Labda alisimama mno karibu na sahani za wengine. Nakisia tu, simjui. Lakini wewe unamjua, na katika barua nzima umenieleza mumeo alikula nini kwa bibi wa supu, alikula nini kwako, hata wodini, ila hujanieleza dada yake alimlisha nini. Mama, wa kwanza kumlisha mume wako si wewe.

Kwa hiyo kesho nenda kwake. Usipige simu, kwenye simu umeshaonyesha unavyokuwa mwepesi wa ndiyo. Nenda na binti. Mwambie kwanza habari ya kuku, bila kuzunguka. Atafoka, mwache afoke, usilie na usijitetee. Akimaliza mwulize, "Wifi, mlipobaki wawili, mlikuwa mnakula nini?" Kisha funga mdomo, hata akikaa kimya hadi chai ipoe. Jumamosi yeye aseme wa kwanza, binti afuate, na kwenye habari ya viazi vya koridoni lisipunguzwe hata neno moja, maana hapo ndipo watu watamwona baba. Akikataa kuja, mtamkumbuka marehemu vilevile, na sahani yake utampelekea wewe mwenyewe kwa mikono yako.

*

Wasomaji, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu, jibu hili nilimsomea mama huyu kwa simu kabla ya kulichapa. Amenipigia jana na kuniruhusu niseme yaliyotokea.

Walikwenda. Wifi alifoka hadi jirani akachungulia. Walipomwuliza lile swali alikunja kanga ya mapajani, akaikunjua, halafu akasema, "Ukoko." Alikuwa akiosha masufuria ya watu, na mwenye nyumba alimruhusu kukwangua ukoko wa wali na kuondoka nao.

Jumamosi alisimama yeye wa kwanza, mbele ya wageni wote. Alisema, "Mdogo wangu alikuwa na njaa kuliko mtoto yeyote pale mtaani. Nikimletea ukoko anaugawa mara mbili, na kipande kikubwa ananipa mimi. Nikikataa, na yeye hali. Mlafi gani anafanya hivyo?"

Akamgeukia binti, akasema, "Haya, mwanangu, sema na wewe. Halafu tule."